Nilipoanza kulipa ndo nilipoanza kupoteza

Idd iliyopita nilikuwa kwa mama, Mwananyamala, watoto wa dada wakawa wananisumbua wanataka simu wacheze gemu na mi chaji imebaki asilimia tano, ndo nikakumbuka kwamba juu ya kabati kuna boksi la PS2 yangu, mashine ya gemu ya Sony. Ile ya mwanzo, nene, nyeusi, nzito. Nikaishusha, nikafuta vumbi, nikatafuta zile waya za njano, nyeupe na nyekundu, TV ya mama ni flati lakini kwa nyuma bado ina vile vitundu vya rangi. Mara ya kwanza CD ikagoma kusoma. Nikaitoa nikaifuta na fulana kutokea katikati kwenda nje, sio kwa kuzungusha, hiyo kila mtoto aliyekulia banda la gemu anaijua, nikaigeuza mashine miguu juu kama tulivyokuwa tunafanya lenzi ikichoka, nikawasha tena. Ikasoma! Na kwenye memori kadi, ile ya MB 8, ligi yangu ya Winning, ile gemu ya mpira, ipo vilevile, Castolo mbele, Ivarov golini, wale wachezaji wa kubuni unaoanza nao, msimu wa tatu, mechi inayofuata inanisubiri mimi tu.

Zaidi ya miaka kumi haijaguswa. Haikuniuliza paswedi, haikusema kuna apdeti, haikuniletea masharti mapya ya kukubali. Mimi na mtoto wa miaka tisa tukakaa kwenye jamvi tukacheza mpaka mama akapiga kelele tuzime tuje kula.

Usiku nikarudi kwangu. Nina mashine ya kisasa, nimeinunua kwa hela ya jasho, na kwenye orodha ya gemu nilizonunua kuna moja ambayo picha yake ipo, jina lipo, risiti ninayo kwenye imeili mpaka leo, lakini ukiibonyeza inakwambia imeshindwa kuunganishwa na seva, yaani zile kompyuta za kampuni zinazoiendesha. Na haitaunganishwa tena kwa sababu hizo seva hazipo. Hii kitu nimeibeba moyoni muda mrefu, mara mbili nimeanza kuiandika nikaacha, leo naandika yote.

Kwanza nirudi nyuma kidogo. Banda la gemu mtaani kwetu lilikuwa chumba kimoja cha mbele cha nyumba ya mtu, TV za chogo nne, mabenchi, dirisha lina nondo na watoto wasio na hela wamening'inia hapo wanaangalia. Shilingi mia mbili mechi moja, dakika kumi. Anayefungwa anampisha mwingine, anayeshinda anabaki, kuna watu walikuwa wanalipa mara moja tu wanakaa saa mbili. Inter Milan kwetu ilipigwa marufuku kwa sababu ya Adriano, yule Adriano wa PES 6, PES ndo hiyohiyo Winning kwa jina lingine, nguvu yake ya shuti ilikuwa 99, anapiga kutoka karibu na katikati ya uwanja kipa anaingia na mpira wavuni, ugomvi ulikuwa hauishi, mwisho bro mwenye banda akaandika kwenye karatasi akabandika ukutani: INTER HAPANA. Chelsea ilikuwa inaitwa London FC kwa sababu Konami, watengenezaji wake, hawakuwa na haki ya jina, Liverpool ikaitwa Merseyside Red, na sisi tulijifunza hayo majina kabla hata hatujajua Merseyside ni wapi.

Umeme ukikatika katikati ya mechi unarudishiwa hela au unasubiri. Hiyo ndo ilikuwa hasara kubwa kuliko zote tulizozijua kwenye gemu, umeme.

Sasa nisifiche kitu hapa. Zile CD zote zilikuwa kopi, za Kariakoo, zimefungwa kwenye nailoni na kava limepigwa fotokopi ya rangi, na PS zenyewe zimewekwa chipu na fundi ili zisome kopi. Hakuna hata senti moja ya bro wa banda iliyofika kwa watu waliotengeneza Winning. Tulikuwa watoto, gemu halisi moja kwa bei ya kule ilikuwa ni kodi ya chumba miezi kadhaa, na wala hapakuwa na duka linaloiuza. Lakini nilivyokua, nikaanza kufanya kazi za kompyuta, nikawa na mimi naandika vijiprogramu vya watu na watu wanazitumia bila kunilipa, nikaelewa kwa mwili wangu inaumaje. Nikasema kuanzia sasa kila gemu nanunua. Na nikafanya hivyo kweli.

Na hapo ndo nilipoanza kupoteza.

Kununua gemu halali ukiwa Dar nako ni kazi nzima. Ukifungua akaunti ya PlayStation unatakiwa kuchagua nchi, unashuka kwenye orodha unaitafuta Tanzania haipo, Kenya haipo, Uganda haipo. Kwahiyo unajiandikisha kama mtu wa Marekani, au Uingereza, au Afrika Kusini, unaweka adresi ya mtaa ambao hujawahi kuukanyaga, halafu unatafuta kijana anayeuza vocha za akaunti za nje kwenye magrupu, unamtumia hela kwa simu, unaomba Mungu namba zifanye kazi. Fikiria hilo, mtu anataka kukulipa halali na inabidi adanganye anakoishi ili uchukue hela yake. Na ukidanganya ndo umeshavunja masharti yao, kwahiyo hata siku wakikufungia akaunti huna pa kulalamikia.

Mwaka 2024 dunia nzima ililiona hili jambo kwa siku chache. Gemu ya Helldivers 2 ilitoka Februari kwenye PS5 na kompyuta, watu wakaipenda kweli, mwanzoni mwa Mei Sony wakatangaza kwamba wa kompyuta nao lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Wenzetu wa nchi zisizo kwenye orodha wakauliza, sasa sisi tulioshanunua? Ikaondolewa sokoni Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwenye nchi na maeneo zaidi ya 170, hizi zetu zikiwemo. Wachezaji wakaja juu, zikaandikwa maoni mabaya zaidi ya laki mbili ndani ya siku chache tu, Sony wakarudi nyuma na lile sharti. Mimi nilifurahi lakini pia nilijisikia vibaya, kwa sababu ilichukua hasira za watu wa Marekani na Ulaya kutusemea sisi. Peke yetu tungepiga kelele mpaka leo.

Haya, nirudi kwenye gemu yangu. Ilikuwa ya magari, sitaitaja jina wala kampuni. Niliinunua 2019. Mdogo wangu naye akainunua, na 2021 akapata kazi Muscat akaondoka. Tumezaliwa wawili wa kiume, tumelala kitanda kimoja mpaka nimemaliza fomu foo, na yeye sio mtu wa kuongea kwenye simu, ukimpigia ni "poa, mzima, mama yupo, haya basi", dakika mbili imeisha. Lakini tukiwa kwenye gemu alikuwa anaongea. Saa nne usiku kwangu, saa tano kwake, ametoka kazini amechoka, anavaa zile hedifoni, tunaendesha tu. Hatukuwa hata tunashindana. Ramani ilikuwa kubwa, unaweza kuendesha dakika arobaini hujafika mwisho, na humo ndo aliponiambia mambo ya bosi wake wa kwanza, humo ndo aliponiambia amepata mchumba, nakumbuka mpaka kona ya barabara tuliyokuwa tunapita.

Ile gemu ilikuwa inakuruhusu kupaka gari rangi na kuchora unachotaka. Tukachukua gari moja la mbio, la hela nyingi, tukalipaka jeupe na mstari wa pembeni kama daladala. Tukataka kuandika ubavuni MWANANYAMALA – KARIAKOO. Gemu haikuwa na herufi za kutosha ukubwa huo, kwahiyo kila herufi tukaitengeneza kwa vipande vya mstatili, unakivuta, unakiinamisha, unakipunguza. Mwananyamala ina A tano, kila A vipande vitatu. Upande mmoja tu ulituchukua usiku tatu! Halafu vipande vikaisha, kuna idadi hauruhusiwi kuvuka, Kariakoo yote haikutosha, mdogo wangu akasema subiri kwani daladala zenyewe zinaandikaje, tukaandika K'KOO. Ikatosha. Alicheka usiku ule mpaka mwenzake wa chumbani akaamka.

Watu wa nchi zingine tukikutana nao barabarani walikuwa wanasimama kuliangalia.

Siku ikaja imeili. Fupi, ya heshima, inasema gemu imefika mwisho wa safari yake, seva zitazimwa tarehe fulani, asanteni kwa kuwa nasi. Hakuna kurudishiwa hela, hakuna njia ya kucheza peke yako, hakuna hata njia ya kulihifadhi lile gari kama picha. Usiku wa mwisho tukaingia wote, tukaendesha hadi ufukweni mwisho wa ramani, tukapaki daladala letu linaangalia baharini. Hatukusema kitu cha maana. Mimi nikapiga picha TV kwa simu na kwa haraka zile sikukumbuka kuzima taa, kwahiyo kwenye picha kuna daladala letu na juu yake kuna mng'ao wa taa ya chumbani kwangu. Kisha gari lake likaganda, likapotea, sekunde chache na mimi nikatolewa.

Tangu hapo tumerudi kwenye "poa, mzima, mama yupo".

Najua kuna mtu atasema mbona ni gemu tu, au seva zinagharimu hela, kampuni haiwezi kuziwasha milele. Hilo la pili ni hoja na nalijibu. Hakuna anayetaka ziwashwe milele. Kuna gemu ya Ubisoft inaitwa The Crew, nayo ya magari, ilitoka Desemba 2014, Desemba 2023 ikatolewa sokoni, tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na kwa vile ilitengenezwa idai intaneti hata kama unacheza mwenyewe chumbani, ikafa yote, na baada ya hapo watu wakakuta hadi leseni imefutwa kwenye akaunti zao. Mmarekani mmoja mtengeneza video YouTube, Ross Scott, akaanzisha kampeni inaitwa Stop Killing Games, na wanachodai ni kitu kidogo sana: siku unaizima, iache kwenye hali ambayo aliyelipa anaweza kuendelea nayo. Toa apdeti ya mwisho inayoondoa sharti la seva, au waachie watu waendeshe seva zao. Basi. Umoja wa Ulaya una utaratibu kwamba wananchi wakifika sahihi milioni 1 Tume yao inalazimika kuwajibu, na Julai 2025 sahihi zikavuka hapo.

Na inawezekana kabisa, sio ndoto. Knockout City, gemu ya studio ya Velan, walipoizima Juni 2023 walitoa toleo la bure la kompyuta ambalo mtu anaweza kuwasha seva yake mwenyewe. Studio ndogo tu hiyo. Hata Ubisoft wenyewe, baada ya zile kelele, Septemba 2024 wakatangaza kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest, zilizofuata baada ya ile, zitawekewa namna ya kucheza bila intaneti. Kwahiyo njia ilikuwepo siku zote, ni kwamba hakuna aliyewalazimisha kuipita.

Kinachoniuma zaidi ni lile neno kununua. Kitufe kimeandikwa nunua. Hakijaandikwa kodi, hakijaandikwa azima. Ukisoma yale maandishi madogo ndo unakuta umepewa leseni tu na wanaweza kuichukua muda wowote. Jimbo la California 2024 lilitunga sheria kwamba muuzaji asitumie neno kununua bila kumwambia mtu wazi kuwa anapewa leseni, na Steam wakaanza kuweka hilo tangazo pale unapolipia. Ni vizuri, lakini ona, sheria imeishia kwenye neno. Kile kitu chenyewe bado si chako.

Na wizi huu haupo kwenye gemu tu, tusisahau. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle za watu zile mashine za kusomea vitabu, wakafuta vitabu ambavyo watu walishalipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo, na vitabu vyenyewe vilikuwa vya George Orwell. Hela wakarudishiwa, mwenye Amazon akaomba msamaha, lakini kila mtu akawa ameshajua kwamba mkono wao unafika hadi ndani ya begi lako. Kitabu cha karatasi nilichokopeshwa na mwalimu wangu wa Kiswahili 2005 kipo kwangu, karatasi za mwisho zimeliwa na mende, ila hakuna aliyekuja usiku kukichukua.

Unasema basi nitanunua CD, si ndo dawa? Nilifikiri hivyo. Mwaka juzi nikaenda dukani nikanunua gemu ya CD kabisa, kava zuri, nikafika nyumbani nikaweka, mashine ikaniambia kuna GB zaidi ya 60 za kudaunlodi kabla sijaanza. Kwenye CD kulikuwa na kipande tu. Nikapiga hesabu ya bando, nikaona bando linakaribia bei ya gemu yenyewe, ikabidi nibebe mashine kwenye begi la mgongoni nipande nayo daladala hadi ofisini kwa rafiki yangu kwenye fiba, nikaiacha kule usiku mzima. Aisee, nimenunua kitu dukani halafu nakisafirisha kukitafutia intaneti ili kiwe kitu! Nintendo kwenye mashine yao ya Switch 2 iliyotoka Juni 2025 wamelirasimisha kabisa, kuna kadi za gemu ambazo ndani hazina gemu, zina ufunguo tu wa kukuruhusu udaunlodi. Call of Duty ya 2019, gemu ya vita, ilifikia hatua inavuka GB 200 kwenye mashine za watu, na PS4 ya kwanza diski yake ilikuwa GB 500 tu. Yaani gemu moja inachukua karibu nusu nyumba. Wanaotengeneza haya wanakaa kwenye ofisi ambazo intaneti ni kama maji ya bomba, hawajawahi kukaa saa nane usiku wakisubiri bando la usiku wakiangalia mstari unasogea asilimia moja kwa dakika kumi na wasiwasi Luku isije ikakata.

Gemu ya mpira ndo sitaki hata kuanza, lakini lazima niseme. Konami, haohao waliotupa Castolo, tarehe 30 Septemba 2021 waliiua PES wakatuletea eFootball. Ya bure. Klabu tisa tu, ile ligi ya kujenga timu haipo, nyuso za wachezaji zimepinda macho yanaangalia pembeni, mikono inapita ndani ya miili. Ndani ya siku chache ikawa ndo gemu yenye maoni mabaya kuliko zote Steam wakati ule, wakaomba radhi, toleo linaloeleweka likaja mwaka uliofuata, Aprili. Sasa hivi imetulia na vijana wengi mtaani wanaicheza kwenye simu, siwalaumu, ni ya bure na inaingia kwenye simu ya kawaida. Ila angalia inavyokula. Wachezaji unawapata kwa koini, unazungusha, unatumaini. EA, wale wenye gemu ya mpira iliyokuwa inaitwa FIFA, nao na zile paketi zao za wachezaji za Ultimate Team ni hivyohivyo, unalipa hela hujui unapata nani.

Huo ni mkeka. Sioni jina lingine. Kijana anatia hela, anafunga macho, anatumaini Mbappé, anapata beki wa daraja la pili, anatia tena. Ubelgiji 2018 waliangalia haya mambo wakasema ni kamari, na kuanzia Januari 2019 EA wakaacha kuuza huko zile pointi za FIFA za kununulia paketi. Halafu mwaka huohuo wawakilishi wa EA wakaitwa kwenye kamati ya Bunge la Uingereza, mama mmoja kiongozi wao akasema wao hawaziiti hivyo, wanaziita mambo ya kushtukiza, akafananisha na yale mayai ya chokoleti yenye kidude ndani. Mi nina mtoto wa dada ambaye alitumia hela ya mama yake iliyokuwa kwenye simu, elfu arobaini na tano, kwa paketi, kwenye gemu moja ambayo sitaitaja. Elfu arobaini na tano ni mtaji wa vitumbua wa wiki. Dada hakumpiga, alikaa chini tu kimya, na mtoto akaja kwangu analia anasema "anko, nilidhani nikifungua moja zaidi atatoka". Nilimkumbatia, maana hiyo sentensi niliishaisikia kwa wanaume wazima nje ya maduka ya kubeti.

Na msidhani wanaotengeneza ndo wanafaidi. Tango Gameworks ya Japani walitoa Hi-Fi Rush Januari 2023, gemu ya muziki, nzuri, watu wakaisifia kila kona, Microsoft wenyewe wakajivunia. Mei 2024 Microsoft wakatangaza kuifunga hiyo studio. Haohao ambao miezi michache nyuma walimaliza kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69 na Januari yake wakapunguza watu 1,900. Baadaye kampuni ya Krafton ya Korea wakaiokoa Tango, Mungu ni mwema. Kwenye filamu ni yaleyale, Warner Bros. Discovery 2022 walikuwa na filamu ya Batgirl imeshapigwa, wakaamua kuifungia kabatini isitoke kabisa kwa ajili ya hesabu za kodi. Waigizaji, mafundi wa taa, washonaji, kazi ya miezi yao yote, na hakuna atakayeiona. Mtu ambaye amewahi kutengeneza kitu kwa mikono yake hawezi kusoma hiyo habari akabaki sawa.

Sasa nani anatunza? Taasisi moja Marekani, Video Game History Foundation, 2023 walichunguza wakakuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka kule huwezi tena kuzinunua kwa njia ya kawaida. Ukitaka kuzicheza utatafuta mashine kuukuu au utaenda kwa wale tunaowaita maharamia. Na huku kwetu maktaba ya gemu ni fundi wa Kariakoo mwenye hadi diski ya PS2 nzima kwenye flashi, ni kijana wa chuo anayecheza gemu za PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony, kwenye simu ya Tecno kwa PPSSPP, programu inayoigiza PSP, na amebadilisha jezi ameweka Simba na Yanga na majina ya wachezaji wetu, kazi ya bure, kwa mapenzi tu. PSP ilishaacha kutengenezwa miaka mingi, na bado iko hai kwenye kila daladala ukichungulia simu ya aliyekaa pembeni yako. Sisemi kopi ni halali, nimeshasema nilivyoumia mimi mwenyewe. Nasema aliyeiba bado anacheza na aliyelipa amefungiwa mlango, na waliopanga iwe hivyo sio sisi.

Siku ile ya Idd, yule mtoto wa miaka tisa aliniambia anko nataka na mimi nianze ligi yangu. Nikamwambia anza. Amecheza mechi mbili, kusevu, memori kadi imejaa. Inamwambia afute kitu. Akaniuliza nifute ipi, nikaangalia, kuna za kwangu, na kuna moja ina jina la mdogo wangu, ligi yake ya 2007, timu yake ameiita MWANYA FC. Nikamwambia usiguse, zima, nitakutafutia nyingine.

Jumatatu nikapita Kariakoo. Memori kadi mpya za PS2 nimeziona ila siziamini, fundi akatoa droo moja imejaa za mtumba, nikachagua ya Sony yenyewe, elfu nane. Nimefika kwa mama nimechomeka, nikafungua kuangalia kama inafanya kazi, nikakuta haiko tupu. Kuna ligi ya mtu. Simjui ni nani, alikuwa anachezea Arsenal, tarehe ya mwisho kusevu inasema Agosti 2009, usiku, saa sita na dakika kumi na mbili. Nafasi iliyobaki inamtosha mtoto, amesevu ya kwake pembeni ya hiyo, na ile ya Arsenal tumeiacha.